Shoka la baba lililojaa kutu: usilitie motoni

"Shikamoo fundi. Baba alifariki miaka sita iliyopita kule Mvumi. Juzi tulipokwenda kusafisha boma nikalikuta shoka lake kwenye zizi la zamani, nusu limefukiwa na samadi. Ni lile la dukani lenye tundu la kupitisha mpini, si lile la mkia linalofuliwa na wahunzi wa kijijini. Limeota kutu nene inayobanduka kama magamba, makali yana mapengo mawili, na mpini umevunjikia ndani ya tundu. Jirani anasema nilitupe kwenye moto wa mkaa usiku kucha, mpini utaungua na kutu itadondoka. Fundi wa grenda anasema kwake ni kazi ya dakika kumi. Mdogo wangu anataka tuliloweke kwenye maji ya betri. Mume wangu anasema tununue jipya, maana la kutu litaniletea pepopunda. Mimi nalitaka la baba, lakini nataka lipasue kuni, sitaki pambo la ukutani. Je, lina maisha? Nianzie wapi?"

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nikupe jibu kabla ya maelezo: kwa jinsi ulivyolieleza, shoka hilo bado lina kazi nyingi ndani yake. Kutu ya miaka sita haijalimaliza. Usiku mmoja kwenye moto wa jirani yako ungelimaliza, na dakika kumi za grenda zingeweza kufanya hivyo hivyo. Ukishaelewa kwa nini, hatua zote zinazofuata utaona zinaeleweka zenyewe.

Kutu ni chuma kilichoungana na maji na oksijeni ya hewani. Ikishaota inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana inavimba, inapasuka na kubanduka. Ukiona gamba nene kama ganda la yai usidhani chuma cha unene ule kimepotea. Kilichopotea ni kidogo sana kuliko unavyoona. Tena huku kwetu Dodoma mvua ni ya Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi inayobaki hewa ni kavu kiasi kwamba kutu karibu inalala. Shoka lako limeumizwa zaidi na zizi: samadi hushika unyevu hata kiangazi, na mkojo wa ng'ombe una chumvi inayoharakisha kutu. Tarajia kukuta vishimo, baadhi vya kuingia ncha ya sindano. Vishimo vya mashavuni, yaani pande mbili pana za shoka, havina madhara yoyote kwa kazi. Vya makalini tutavishughulikia.

Thamani ya shoka imo kwenye ugumu wa sentimita chache za mwisho kuelekea makali. Chuma chake kimechanganywa na kaboni kidogo, chini ya sehemu moja katika mia, na hicho kidogo ndicho kinachofanya kiweze kukazwa. Kiwandani, kama ilivyo kwa mhunzi, sehemu ya makali hupashwa moto hadi iwe nyekundu, karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kisha huzamishwa ghafla kwenye mafuta au maji. Hapo inakuwa ngumu kama kioo, na kama kioo ingevunjika kwa pigo la kwanza. Kwa hiyo hupashwa tena, safari hii kidogo tu, kati ya nyuzi 200 na 300, ipunguze ule uvunjikaji na ibaki na ugumu unaofaa kupiga mti. Mhunzi mzoefu husoma joto hilo kwa rangi inayotanda juu ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Hutangulia njano ya nyasi kavu, karibu nyuzi 220, kisha kahawia, kisha zambarau, na bluu joto likikaribia 300. Akiiona rangi anayoitaka anakizima pale pale.

Joto lolote linalozidi pale mhunzi alipoishia huendelea kulainisha chuma, na ugumu uliopotea haurudi kikipoa. Moto wa mkaa unapita nyuzi 600 bila shida. Ukililaza shoka humo usiku kucha, asubuhi utatoa kitu chenye umbo la shoka lakini chuma chake ni laini kama cha msumari. Kutu nayo itakuwa imeondoka, na ndiyo sababu watu wanadhani njia hiyo inafaa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipolitia motoni shoka la mjomba, kwa sababu hiyo hiyo ya mpini uliovunjikia ndani. Mpini uliungua vizuri sana. Wiki iliyofuata tulikuwa tunakata mgunga mkavu, na kwenye pigo la tatu makali yalijikunja kama ukingo wa bati. Mjomba hakunigombeza. Alilitazama, akaliweka chini, akaenda kuazima la jirani. Picha ile ninayo mpaka leo, na ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Grenda ni moto huo huo, ila umekuja kwa njia nyingine. Jiwe lake linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na makali ni membamba. Joto linalozaliwa pale halina pa kukimbilia. Sekunde chache zinatosha ukingo kugeuka bluu, na palipogeuka bluu mara nyingi ugumu umeshapungua kuliko ulivyotakiwa. Fundi akilitumbukiza kwenye maji baada ya bluu kuonekana hajarudisha kitu, amepoza chuma ambacho tayari kimelainika. Sisemi grenda ni haramu kwa shoka. Mimi naitumia kwenye kisogo, upande wa nyuma, kama kimepondeka na kuota midomo kwa kupigwa nyundo. Midomo ile lazima iondolewe, kwa sababu siku moja kipande huruka na kuingia jichoni. Ila makali, hapana. Makali yanataka tupa ya mkono.

Maji ya betri mwambie mdogo wako ayaache. Ile ni asidi ya salfuri. Itakula kutu, kisha bila kusita itaendelea na chuma kizima, na hidrojeni inayotoka wakati huo hupenya ndani ya chuma kilichokazwa na kukifanya kivunjike kirahisi. Hapo sijataja macho na mikono yenu. Dawa kali za kusafishia choo ziko kwenye kundi hilo hilo, na nyingi huacha chumvi kwenye vishimo ambayo inarudisha kutu ndani ya siku chache.

Kuhusu pepopunda, mumeo ana wasiwasi wa kweli lakini ameuelekeza pasipo. Kutu haileti pepopunda. Inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na samadi, wanaoingia mwilini kupitia kidonda, hasa cha kina. Msumari wa kutu umepata jina baya kwa sababu mara nyingi umekuwa ukilala kwenye udongo huo. Sasa shoka lako limelala miaka sita zizini, kwa hiyo yuko sahihi kwamba lishikwe kwa tahadhari: vaa glovu nzito, lioshe kwa maji na sabuni kabla ya jambo jingine lolote. Kama hukumbuki mara ya mwisho kuchanjwa, pita kituo cha afya uulize. Likikukata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, uende kituoni siku hiyo hiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Haya, tuingie kazini.

Toa kwanza kipande cha mpini. Kama kimechomoza chini ya tundu, kikate kwa msumeno kiwe sawa na chuma. Utaona kwamba tundu ni pana zaidi upande wa juu, kule kabari ilikopigwa, na ni jembamba chini. Kwa hiyo mti unatoka kwa kusukumwa kutoka chini kwenda juu. Ukisukuma kinyume unaukaza. Laza shoka juu ya magogo mawili yenye nafasi katikati, toboa matundu matano sita kwenye mti kwa keekee ili uupunguze nguvu, kisha gonga kwa kipande cha nondo na nyundo. Angalia misumari na kabari za chuma kabla ya kutoboa, wazee wetu walipenda kuzipigilia humo. Kama mti umeshikwa na kutu, mwagia mafuta ya taa ukaendelee kesho. Ila baada ya miaka sita zizini, usishangae mchwa wakiwa wamekwisha kukumalizia kazi hiyo.

Tundu likishakuwa tupu, sugua shoka lote kwa brashi ya waya, likiwa kavu, magamba yadondoke. Kisha lifunge kwa kamba kupitia tundu, lining'inie, uligonge kwa kipande kidogo cha chuma. Chuma kizima hulia kwa sauti ndefu, kama kengele ya shule. Chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Ukiitilia mashaka sauti, kuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi: paka mafuta ya taa kuzunguka tundu na mashavu, subiri robo saa, pangusa hadi pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki ya shuleni. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Tazama hasa pembe za tundu, mahali ukuta wa chuma ulipo mwembamba. Ukiona mstari hapo, binti yangu, kazi inaishia hapo. Shoka lenye ufa kwenye tundu halitengenezwi kwa kuchomelewa. Siku litakapoachia litaachia hewani, na hujui nani amesimama wapi. Likiwa hivyo, hilo ndilo la kutundika ukutani.

Kama limelia vizuri, lipeleke kwenye bafu la siki au la ukwaju. Siki nyeupe ya dukani ina asidi kama asilimia 5, inatosha. Ukwaju nao una asidi nyingi, na huku Dodoma tunao. Mimi huchukua kama nusu kilo, nikauvuruga kwenye lita tatu za maji ya moto, nikaacha upoe, nikachuja makapi. Unafanya kazi polepole kuliko siki, na kwangu huo ni uzuri wake, maana hauli chuma kwa pupa. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, asidi itahangaika na ndoo badala ya shoka. Shoka lizame lote. Likibaki nusu nje utapata mstari uliochimbika pale maji yalipoishia.

Liache usiku mmoja. Asubuhi litoe, lisugue kwa brashi chini ya maji, utaona tope jeusi likitoka na chuma cha kijivu kikijitokeza. Kama bado lina kutu, lirudishe saa chache nyingine, lakini usilisahau humo siku tatu, kwa sababu kutu ikiisha asidi inaanza kutafuna chuma. Ukiridhika, lioshe kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki vishimoni, suuza, likaushe papo hapo kwa kitambaa na jua kali, kisha lipake mafuta ya mashine. Usiseme ngoja ninywe chai kwanza. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi, na kutu mpya ya rangi ya chungwa huanza kabla chai haijapoa.

Kabla hujalipaka hayo mafuta, lipeleke kwenye mwanga ulitazame ubavuni. Asidi hukila chuma kilichokazwa tofauti na kile laini, na mara nyingi utaona wimbi la rangi: karibu na makali kuna ukanda wa kijivu kilichokolea, na nyuma yake chuma cheupe zaidi. Ukanda ule ndio urithi wenyewe. Pima upana wake. Ukiwa na sentimita mbili au tatu, baba yako amekuachia chuma cha kutosha kwa miaka mingi ya kunoa. Ukiwa mwembamba kama kucha, au haupo kabisa, basi ama mzee alikwisha kulinoa likamalizika, ama limewahi kupitia motoni. Thibitisha kwa tupa. Ipitishe makalini mara moja, taratibu. Tupa ni ngumu kuliko shoka kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo ikiwa shoka ni zima tupa itang'ata kwa shida na kutoa unga mdogo. Ikiteleza kama juu ya kioo, makali ni magumu mno na yatamegeka. Ikizama na kuchota kama kwenye msumari, yamelainika.

Sasa mapengo. Hukueleza kina chake. Pengo la milimita mbili au tatu unalimaliza mwenyewe kwa tupa na subira ya jioni mbili. Lenye kina zaidi litafutie cherehe ya maji, lile jiwe la duara linalozungushwa polepole, ambalo halichomi chuma. Na usijaribu kuliziba pengo kwa kuchimba pale lilipo. Unarudisha nyuma makali yote kwa pamoja, ukifuata lile tao la asili, mpaka pengo liishe lenyewe. Kwanza simamisha tupa wima dhidi ya makali uyafanye butu kwa mstari mmoja safi. Inauma kulifanya shoka butu zaidi ya ulivyolikuta, najua, lakini ukiruka hatua hii utakuwa na makali yanayoyumba kama njia ya mbuzi.

Libane kwenye jiliwa, au uligandamize kwa goti juu ya gogo kama huna. Tupa inakata inaposukumwa tu. Ukirudi, inyanyue, kwa sababu kuiburuta nyuma kunaua meno yake. Ipake chaki ili unga wa chuma usizibe. Kata kipande cha tairi la ndani la baiskeli au ngozi, ukitoboe, ukivishe tupa karibu na kishikio, kikinge vidole vyako. Fanya upande mmoja mpaka uuhisi mkunjo mwembamba wa chuma umejitokeza upande wa pili urefu wote wa makali, ndipo ugeuze.

Watu wananiuliza sana kuhusu pembe. Chukua karatasi, kona yake ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo mara moja upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Hiyo ya mwisho, kwa pande zote mbili za makali kwa jumla, ni nyembamba kidogo kuliko unavyohitaji. Kuni zetu ni ngumu: mgunga, mtundu, mkambala uliokauka jua la Oktoba. Mimi huziwekea makali ya jumla ya nyuzi 30, na kwa shoka la kupasua tu hufika 35. Makali membamba sana yanapendeza siku ya kwanza na kumegeka ya pili. Na mabega yale, pale makali yanapokutana na mashavu, yaviringishe yasiwe na kona kali, ili shoka liteleze mtini lisinase.

Baada ya tupa ni kinoo. Wengi wetu tumekulia kwenye kunoa juu ya miamba, na Dodoma haina uhaba wa miamba ya graniti. Punje zake ngumu zinakwangua chuma kweli. Kwa panga la kufyekea inatosha. Kwa shoka ningekusihi upate jiwe la dukani lenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini, uliloweshe maji, ulizungushe juu ya makali kwa miduara midogo, upande huu na huu kwa zamu, mpaka ule mkunjo udondoke. Malizia kwa mkanda wa ngozi. Kipimo changu ni kipande cha mti mkavu: shoka lililonolewa vizuri likisukumwa kwa mkono, bila kupigwa, linanyoa unyoya mwembamba wa mti.

Mpini unastahili uangalifu kuliko watu wanavyoupa. Huku kwetu mkole na mlama ni miti mizuri sana kwa kazi hii, inapinda bila kukatika. Mpingo ni mgumu na mzuri kwa macho lakini ni mzito na haunesi unapopiga. Tena ni mti wa thamani usio wa kukatwa ovyo, kama ulivyo mninga. Omba tawi kwenye shamba la mtu unayemjua au nunua mpini sokoni, ila uukague: mistari ya mti ikimbie moja kwa moja kutoka mwisho hadi mwisho, na ukiutazama kwenye kichwa, mistari hiyo ifuate uelekeo wa makali. Ikikingama, utakatika.

Ukikata mbichi, paka nta kwenye ncha zote mbili na uukaushe kivulini miezi kadhaa. Mti mbichi ukivishwa shoka leo, mwezi ujao umesinyaa. Na hapa kuna jambo la hali ya hewa yetu ambalo vitabu vya nchi za baridi havisemi: pachika mpini kiangazi, Agosti mpaka Oktoba, mti ukiwa mkavu kuliko wakati wote. Mvua zikija utavimba kidogo na kujikaza wenyewe. Ukipachika Machi, mti ukiwa umekunywa unyevu, mwezi wa tisa shoka litakuwa linacheza.

Kuhusu kucheza huko, wengi huliloweka shoka kwenye ndoo ya maji usiku ili mpini uvimbe. Unavimba kweli, lakini umezungukwa na chuma kisichosogea, kwa hiyo nyuzi za mti zinajiponda zenyewe humo ndani. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko jana, na kesho unahitaji maji tena. Mpaka mwisho wake kichwa kinaruka. Dawa ya mpini unaocheza ni kabari mpya.

Chonga mpini mpya uingie kwa kubana, kisha shika mpini kichwa cha shoka kikiwa chini kinaning'inia, ugonge kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Utaona ajabu: shoka linapanda lenyewe, kwa sababu ni zito na linachelewa kusogea wakati mpini unateremka. Likifika mwisho, pigilia kabari ya mti mkavu kwenye mpasuko ulioukata kichwani mwa mpini, wenye kina cha kama theluthi mbili za tundu. Misumari iache.

Mafuta ya mpini yanayofaa zaidi ni ya kitani, yapo kwenye maduka ya rangi. Yapake mara kadhaa kwa utandu mwembamba. Matambara uliyoyatumia yaanike yakiwa wazi, usiyakunjekunje pembeni, yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Alizeti tunayo tele, na kwa mpini unaweza kuitumia kwa uchache sana, ila hukauka polepole na kuacha unatonato. Kwenye chuma usiipake kabisa. Chuma kinataka mafuta ya mashine, au nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, kama ile wanayouza warina asali wa Manyoni na Kondoa.

Je, ni bora kununua jipya? Nikuambie kwa haki. Ukihesabu siki, tupa, kinoo na mpini, gharama inaweza kukaribia shoka jipya la bei ya chini, na kazi itakula siku tatu nne. Kama ungehitaji tu kitu cha kupasulia kuni wiki hii, ningekwambia nunua. Lakini tupa na kinoo vitabaki kwako, na shoka jipya la bei rahisi nalo mara nyingi huja na makali ya kunolewa upya kabla halijafaa. Kwa shoka la baba, lisilo na ufa, lenye ule ukanda wa kijivu, mimi ningefanya kazi hiyo bila kujiuliza.

Kuna nyakati tatu ambapo usihangaike peke yako. Ukiona ufa na huna uhakika, mpelekee fundi alishike mkononi. Picha ya simu haitoshi. Pengo likiwa la kina, tafuta mwenye cherehe ya maji. Na tupa ikizama makalini kama kwenye msumari, mwone mhunzi, kwa sababu hata shoka lililoungua linaweza kukazwa upya. Muulize kabla ya kumwachia anafanyaje. Anayeijua kazi atakwambia atapasha sehemu ya makali tu mpaka sumaku isikishike tena chuma, atalizima kwenye mafuta, kisha atalipasha tena kidogo akiangalia rangi. Akikwambia atalipasha jekundu na kulitia maji basi, mshukuru uondoke nalo. Usipomjua mhunzi, ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa mjini au walimu wa karakana za VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanaweza kukuelekeza.

Jambo la mwisho. Wazee wengi wa vijijini walikuwa wakipiga alama kwenye zana zao kwa patasi au msumari, nukta tatu, mikato miwili, herufi moja, ili shoka likiazimwa lirudi. Likitoka kwenye ukwaju, tafuta shavuni karibu na tundu kabla hujashika msasa. Ukikuta alama, pasugue pale kwa kitambaa na mafuta tu.